Kutunza Mbwa Kadhaa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Muda na Gharama

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Mukono, Uganda, tunaishi na mbwa wanne: Simba na Malkia wenye kilo 25 kila mmoja, Chui mwenye kilo 18, na Pili, mkongwe wao, mwenye kilo 12. Tumewafuga wakati wa neema na wakati wa dhiki. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo ndugu, majirani na wafugaji wenzetu hutuuliza wanapotaka kuongeza mbwa au wanapoona gharama zinawazidi, na majibu yanatokana na tuliyoelekezwa na madaktari wa mifugo pamoja na tuliyojifunza wenyewe, mengine kwa machungu.

Nitajuaje idadi ya mbwa ninayoweza kuimudu?

Watu wengi hupima kwa ukubwa wa kiwanja au kwa wingi wa makombo yanayobaki sufuriani. Mimi hupima kwa siku mbaya: siku ambayo mbwa wawili wameugua kwa pamoja, ada za shule zinadaiwa, na mtu anayewapikia amekwenda kijijini kwa msiba. Ukiweza kuwatibu na kuwalisha siku hiyo bila kukopa, basi idadi uliyo nayo unaimudu. Ukiona huwezi, umeshapita kiwango chako, hata kama kiwanja ni nusu eka.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mbwa wanaolala pamoja, wanaokula mahali pamoja na wanaonyonywa na kupe walewale huugua pamoja. Mwenye mbwa mmoja hulipa matibabu mara moja. Mwenye mbwa wanne anaweza kulipa mara nne katika wiki moja, na hesabu ya chakula cha kila siku haimwonyeshi hatari hiyo.

Mbwa wanne wanahitaji chakula kiasi gani kwa mwezi?

Anza kuhesabu kwa kilo, kisha ndipo uingize shilingi, kwa kuwa bei hupanda na kushuka lakini tumbo la mbwa halibadiliki. Madaktari wa mifugo hukadiria mahitaji kwa uzito wa mbwa. Mbwa mzima wa kilo 25 ambaye amehasiwa au kufungwa kizazi, na ambaye hafanyi kazi nzito, huhitaji takriban kilokalori 1,250 kwa siku. Wa kilo 18 huhitaji karibu 980, na wa kilo 12 karibu 720. Kwa mbwa wetu wanne, jumla ni kama kilokalori 4,200 kila siku.

Kilo moja ya unga wa mahindi hutoa takriban kilokalori 3,600, na mukene (dagaa wa ziwani) wakavu hawapishani sana na kiwango hicho. Tukichukua theluthi mbili ya nguvu kutoka kwenye posho (ugali wa unga huo) na theluthi moja kutoka kwa mukene, tunapata karibu gramu 800 za unga na gramu 400 za mukene kwa siku, yaani kilo 24 za unga na kilo 12 za mukene kwa mwezi. Ukishazipata kilo hizo, zidisha kwa bei ya sokoni kwako wiki hiyo, uwe unanunua Kalerwe, Jinja au Busia, na utakuwa na bajeti ya kweli badala ya makisio.

Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Kipimo cha mwisho ni mkono wako. Pitisha vidole ubavuni mwa mbwa: ukizihisi mbavu bila kubonyeza, na ukiona kiuno kimeingia ndani unapomtazama kutoka juu, chakula kinamtosha. Mbwa mzee kama Pili hula pungufu ya hesabu, mtoto wa mbwa anayekua hula zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, na mbwa anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili au hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida.

Posho na mukene peke yake havimtoshelezi mbwa mwaka mzima. Sisi huongeza maini mara moja kwa wiki, mayai yaliyochemshwa yanapopatikana kwa bei nafuu, na mboga za majani zilizoiva. Uzuri wa mukene ni kwamba mbwa humla samaki mzima pamoja na mifupa yake laini, hivyo hupata kalisi ambayo nyama tupu haina.

Je, niwanunulie mukene wa bei ya chini wanaouzwa kwa ajili ya mifugo?

Unaweza, lakini wapepete na kuwaosha. Mukene wengi huanikwa juu ya mchanga ufukweni, na mchanga huo huuzwa pamoja nao kwa kilo. Wakati mmoja tulinunua gunia dogo, tukaloweka bakuli moja la mukene kwenye beseni, na baada ya kuwatoa tukakuta mchanga umetanda chini, unene wa kidole kizima. Tulikuwa tumeulipia mchanga huo kwa bei ya samaki. Tangu siku hiyo tunanunua daraja la juu kidogo, lililoanikwa kwenye vichanja au nyavu, na kwa kilo iliyo safi gharama hutoka karibu sawa.

Unga nao una hatari yake. Bei ya mahindi hushuka baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na huo ndio wakati mzuri wa kununua kwa wingi, ila mahindi yaliyovunwa na unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini la mbwa kama linavyoharibika la binadamu. Kupika hakuiondoi. Unga wenye harufu ya uvundo usiwape mbwa kwa kuwa tu watu wameukataa. Hifadhi akiba isiyozidi miezi miwili, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mapafu na matumbo kutoka machinjioni yanafaa?

Yanafaa na yanapunguza gharama, mradi yameiva kabisa. Mapafu na maini mabichi yanaweza kubeba malengelenge ya minyoo ambayo mbwa huila, kisha huwaambukiza watu kwa njia ya kinyesi. Chemsha, usionee huruma mkaa. Mifupa iliyopikwa usiwape, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali na kutoboa utumbo. Vitunguu, chokoleti na zabibu kavu pia ni sumu kwao, ndiyo maana mchuzi uliobaki mezani si chakula cha mbwa.

Kupika kila siku kunanimalizia muda. Nifanyeje bila friji?

Chakula chenye samaki hakikai salama siku kadhaa katika joto letu, kwa hiyo kupika cha siku tatu ni kupoteza. Kinachookoa muda ni kuandaa vitu vikavu mapema. Jumapili tunapepeta mukene wa wiki nzima, kuwaosha, kuwaanika juani hadi wakauke tena, kuwatwanga kwenye kinu na kuwafunga kwenye ndoo yenye mfuniko. Siku za kazi, mpishi huchemsha maji, hukoroga mukene waliotwangwa wachemke kidogo, kisha husonga unga humo humo. Sufuria moja, moto mmoja, na kazi huisha kwa muda wa nusu saa hivi. Tunapika jioni, sehemu moja huliwa usiku ule na nyingine hufunikwa mahali penye ubaridi na kuliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Milo miwili kwa siku ni bora kuliko mmoja mkubwa, hasa kwa mbwa wakubwa wenye vifua virefu kama German Shepherd, ambao tumbo lao linaweza kujaa hewa na kujisokota. Hiyo ni dharura inayoua kwa saa chache, na mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza uwezekano wake.

Kila mbwa awe na bakuli lake, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, na mtu asimame hapo hadi wamalize. Dakika hizo kumi hupunguza kwa kiasi kikubwa mapigano na gharama za kushona majeraha, na ndizo zinazokuonyesha mapema nani hana hamu ya kula.

Muda wote unaohitajika ni kiasi gani?

Kwetu, asubuhi huchukua dakika 25: kuzoa kinyesi, kubadilisha maji, kulisha. Jioni huchukua dakika 40, pamoja na kupika na kuwapapasa kutafuta kupe. Jumapili tunatenga muda wa saa mbili kwa kuogesha, kusafisha banda na kuandaa mukene. Ukijumlisha, ni zaidi ya saa tisa na nusu kila wiki, kabla hujahesabu kuwatembeza, kuwafundisha au kwenda kwa daktari. Anayesema mbwa wa ulinzi hawana kazi hajawahi kuihesabu kazi hiyo, au anafanyiwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapowaomba wenye nyumba wawe waadilifu. Ikiwa kazi hii inafanywa na mfanyakazi wa nyumbani ambaye aliajiriwa kupika na kulea watoto, basi mbwa wanne ni ajira ya pili isiyolipwa. Mweleze kabla hajaanza, mwongezee mshahara, na mnunulie buti za mpira na glavu. Mtu anayewachukia mbwa kwa sababu wamemwelemea hawezi kukuambia kwamba mmoja wao anakohoa.

Chanjo zipi ni za lazima, na nizipangeje ili zisigongane na ada za shule?

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua, na matibabu ya mtu mmoja aliyeumwa, yenye sindano kadhaa, hugharimu zaidi ya kumchanja mbwa. Watoto wa mbwa huhitaji pia chanjo ya mchanganyiko dhidi ya distempa, parvo na magonjwa mengine, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, ikirudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wafikishe wiki 16.

Sisi tumeiweka siku ya chanjo mwezi Julai, muhula wa pili ukiwa katikati na ada zimekwisha kulipwa. Daktari huja nyumbani mara moja kwa mbwa wote, hivyo nauli yake tunailipa mara moja. Hata chupa nyingi za chanjo ya kichaa cha mbwa huwa na dozi kumi, kwa hiyo tulizungumza na majirani wawili wenye mbwa, tukapanga siku moja, na daktari akakubali kutupunguzia. Ukimwona anakuja na chanjo mfukoni bila kibebeo chenye barafu, muulize, kwa adabu. Chanjo hiyo inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, na ikiharibika kwa joto utakuwa umelipia maji.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na tarehe hiyo kampeni za chanjo hufanyika katika baadhi ya wilaya. Muulize ofisa mifugo wa wilaya yako au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Kadi za chanjo zihifadhiwe mahali pamoja na hati za nyumba, kwa sababu siku mbwa wako atakapomuuma mtu, kadi hiyo ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kadi iwepo au isiwepo.

Kupe wanarudi kila baada ya wiki mbili. Ninakosea wapi?

Huenda unamtibu mbwa mmoja mmoja. Kupe wa kahawia wa mbwa hutumia sehemu kubwa ya maisha yake nje ya mbwa, kwenye nyufa za ukuta, chini ya mbao za banda, nyuma ya magunia, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha Simba leo na Malkia Jumamosi ijayo, unawahamisha kupe tu. Mbwa wote waogeshwe siku moja, banda linyunyiziwe siku hiyohiyo, nyufa zizibwe kwa saruji, na matandiko yachomwe au yaanikwe juani. Dawa ya minyoo nayo ifuate utaratibu huo: wote kwa siku moja, kila baada ya miezi mitatu kwa mbwa wazima.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka mmoja, mvua za Machi zilipoleta kupe wengi, niliona dawa ya mbwa ni ghali, nikanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyopimwa dukani ikatiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Nilikadiria kwa kizibo. Jioni hiyo Chui alianza kutokwa na mate, akatembea kama miguu ya nyuma si yake, kisha akalaza kidevu kwenye ukingo wa beseni la maji bila kunywa. Nilipomwita alizungusha macho tu. Daktari alimwogesha upya kwa sabuni na maji mengi, akamdunga sindano, nasi tukakesha naye hadi alfajiri, mwanangu akimhesabia mapigo ya moyo kwa saa ya simu. Chui alipona. Malipo ya usiku ule yalizidi gharama ya dawa ya kupe ya mbwa wote wanne kwa mwaka mzima. Tangu hapo hakuna dawa inayoingia kwetu bila lebo, na kila kipimo hupimwa kwa bomba la sindano kwa uzito wa kila mbwa.

Mbwa akipoteza hamu ya kula, akiwa na homa, ufizi wake ukipauka au mkojo ukiwa mweusi, usisubiri. Kupe huambukiza maradhi ya damu ambayo hutibika yakiwahiwa.

Je, kufunga kizazi na kuhasi ni gharama ya lazima?

Kwangu ndiyo gharama inayolipa kuliko zote. Mbwa jike huingia kwenye joto karibu kila miezi sita, kwa muda wa wiki tatu hivi, na katika siku hizo madume huvuka ua, senyenge na hata ukuta. Mimba huchukua takriban siku 63. Tuseme Malkia angezaa watoto sita. Mama angekula mara mbili au tatu ya kawaida. Watoto wangehitaji dawa ya minyoo kila wiki mbili tangu wiki ya pili, kisha chanjo kadhaa kila mmoja. Ukizidisha kwa sita, utaona kwamba uzao mmoja usiopangwa unaweza kuzidi bei ya upasuaji mara kadhaa, na muda wako utakuwa umekwisha kwenda.

Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao hutibiwa kwa sindano za kila wiki, na usaha wa kizazi unaowapata majike wakubwa ambao hawajafungwa, unaohitaji upasuaji wa dharura. Wapo wanaohofia kwamba dume akihasiwa ataacha kulinda. Simba alihasiwa akiwa na mwaka mmoja, na hadi leo mgeni hafunguliwi lango bila yeye kubweka. Kilichobadilika ni kwamba hazururi tena usiku.

Kama huwezi kulipia wote kwa pamoja, anza na majike. Waulize pia Koleji ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Makerere na USPCA, chama cha kutetea wanyama cha Kampala, kuhusu huduma wanazotoa.

Majirani zetu ni Waislamu na wanahofia najisi. Tufanyeje?

Heshima hapa haina gharama kubwa. Vyombo vya mbwa viwe vyao peke yao, vioshwe kwenye beseni lao, na mbwa wafungwe wageni wanapofika. Kwa wanaofuata madhehebu ya Shafii, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo bakuli moja lililochanganyika ni usumbufu mkubwa kwa mwenzako. Mama jirani yetu alipoona tumetenga bomba la maji la mbwa, ndiye aliyeanza kutuletea maganda ya mayai ya kuwasagia.

Tukisafiri kijijini Desemba, nani abaki nao?

Mtafute mapema, mwezi Oktoba, na mlipe. Awalishe mbwa mara mbili ukiwa bado upo. Mwachie chakula kilichopimwa, fedha ya daktari, namba ya daktari iliyoandikwa ukutani, na agizo kwamba usiku wa kuamkia mwaka mpya mbwa wote wawe ndani kabla ya saa sita, kwa sababu milipuko ya fataki huwafanya mbwa watulivu kuruka ukuta na kupotea.

Akiba ya matibabu niiwekeje?

Iwe mbali na fedha ya matumizi. Sisi hutuma kiasi kilekile kila mwezi kwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo lingine, na hatuigusi kwa chakula. Lengo letu ni kiasi cha kuwalaza na kuwatibu mbwa wawili kwa wakati mmoja. Tukiitumia, hatuongezi wala kununua chochote cha mbwa hadi irudi.

Fedha zimekwisha na siwezi tena kuwatunza wote. Nianzie wapi?

Mwambie daktari wako kabla mbwa hawajaugua, kwa kuwa wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo na mteja aliyesema ukweli mapema. Punguza maini na mayai kwanza, kamwe usipunguze chanjo ya kichaa cha mbwa wala dawa ya kupe. Ikibidi kumtoa mmoja, mtafutie nyumba ukiwa bado una uwezo wa kumlisha, umkabidhi akiwa amechanjwa na akiwa na kadi yake, na uende kumwona baada ya wiki moja. Mbwa aliyetupwa sokoni au kando ya barabara kuu hugongwa, huumwa na mbwa wengine, au huuma mtoto wa mtu. Pili alifika kwetu kwa njia iliyo sahihi: mmiliki wake alihamia Gulu kikazi, akamleta na bakuli lake, kadi yake, na karatasi iliyoeleza kwamba huogopa radi na kwamba usiku wa mvua anapaswa kuruhusiwa kulala verandani.